Maswali yanayoulizwa sana: kudai na kushika eneo kwenye dunia yetu ya kuigiza wanyama wa Serengeti

Habari wadau. Haya ni majibu ya yale maswali yanayorudi karibu kila wiki, hasa kutoka kwa memba wapya: eneo unalipataje, unalishikaje, na mtu akija kulitaka inakuwaje. Mchezo wetu ni wa kuandika: kila memba ana mnyama wake (karakta), anaposti maisha ya huyo mnyama, na eneo lake linapakwa rangi kwenye ramani yetu. Dunia yetu ipo Serengeti na Ngorongoro, na Masai Mara kule juu, kwa hiyo sheria nyingi tumezitoa kwa wanyama wenyewe wanavyoishi. Soma linalokuhusu, mengine utayarudia yakikukuta.

Nimejiunga leo, naweza kuandika tu "Seronera yote yangu" mkaipaka rangi kwenye ramani?

Hapana mdau. Eneo kwetu halipatikani kwa kutangaza, linapatikana kwa watu kukuona upo. Simba wa kweli ana eneo kwa sababu analizunguka, analiwekea harufu, usiku ananguruma, kesho anarudi tena, na siku akiacha majirani wanajua na wanaanza kusogea taratibu. Ndo maana tunataka posti tatu, siku tatu tofauti, sio zote kwa mkupuo. Ya kwanza karakta wako anafika anakagua, ananusa nani kapita hapa, maji yako wapi, kuna nyayo za nani. Ya pili anaweka alama. Ya tatu anaishi pale, anawinda au analala kivulini au anafukuzana na mbweha kwenye mzoga, chochote cha maisha ya kawaida. Ukimaliza unamtagi admini, ombi lako linakaa wazi siku tatu ili majirani wajibu kupitia karakta zao, wasipokupinga ramani inapakwa rangi yako.

Hatuhesabu maneno. Mistari minne inayoonyesha unamjua mnyama wako inatosha kabisa.

Hiyo "kuweka alama" naandika nini hasa? Nimeandika "akaweka alama zake" mkaikataa.

Tumeikataa kwa sababu haionyeshi chochote, na hapa ndo penye utamu wa mchezo wenyewe jamani, msipaharakishe. Kila mnyama ana namna yake. Simba anageuka, anainua mkia, anarusha mkojo kwa nyuma kwenye kichaka, tena mara nyingi kichaka kilekile alichokisugua kwanza kwa uso na manyoya, afu anakwaruza chini kwa miguu ya nyuma, kushoto kulia kushoto kulia, udongo unabaki na mistari yenye harufu. Fisi anapita juu ya bua la nyasi, analikunja chini ya tumbo, likifika chini ya mkia anaacha utando wa mafuta mafuta, na mipakani wana vyoo vya pamoja ambapo kinyesi kinakauka kinakuwa cheupe kwa ajili ya mifupa wanayokula. Fisi wa kundi lingine akifika pale anajua kabisa amefika kwa watu. Kiboko dume anazungusha mkia huku anajisaidia, mavi yanatawanyika huku na huku. Duma dume anatafuta kitu kilichosimama peke yake kwenye uwanda, mti au jiwe kubwa, ananusa kwanza nani kapita ndo anarushia mkojo.

Kuna memba wetu anaigiza swala tomi, mnyama ambaye watu wengi hawamfikirii kabisa, na posti yake ya kudai eneo mpaka leo ndo tunawaonyesha wapya. Dume la swala tomi lina tezi chini ya jicho, ule mstari mweusi unaouona usoni unaanzia hapohapo. Analisogelea bua moja la nyasi, taratibu, kichwa amekiinamisha, anaingiza ncha ya bua kwenye ule uwazi wa tezi mpaka unashangaa jicho lake limeponaje, anatoa, na pale kwenye ncha kinabaki kitone cheusi cha kunata. Hatua kadhaa mbele, bua lingine. Memba wetu aliandika hicho tu, bua kwa bua mpaka jua linazama, na mwisho wa posti kila msomaji alijua mpaka wake umepita wapi. Hicho ndo tunakitafuta.

Simba dume wangu ndo kwanza kafika, mbona mmefuta posti yake ya kunguruma?

Kwa sababu dume asiye na eneo hangurumi. Hili sio la kwetu, ni la simba wenyewe. Watafiti wa Serengeti walilifuatilia wakaona madume wanaozurura, wale ambao hawajapata kundi la majike, wanakaa kimya. Ukinguruma unasikika mpaka kilomita 8 usiku uliotulia, yaani umewaambia wenye eneo wote uko wapi na mko wangapi, na kama uko peke yako na wao wako watatu basi umejiitia kifo mwenyewe. Kwa hiyo dume mgeni kwetu anapita kimya, analala vichakani, anakula mizoga, anasikiliza wenzake wanavyonguruma na kuhesabu. Ukishapakwa rangi kwenye ramani, ngurumo ya kwanza ni yako na tunaipini juu kabisa siku nzima. Memba wanaosubiri hiyo siku kwa uvumilivu wanaandika ngurumo nzuri sana, nazisomaga zote.

Eneo langu linaweza kuwa kubwa kiasi gani?

Inategemea mnyama na inategemea sehemu. Kundi la simba Afrika linaweza kushika kuanzia kilomita za mraba 20 hivi penye nyama nyingi mpaka 400 penye ukame. Kwa hiyo ukiwa Seronera kwenye mito unapewa vipande vichache vya ramani, ukiwa nyanda za mashariki kule Gol unapewa vingi lakini utavizunguka kwa jasho na kuna miezi hakuna kitu cha kula.

Duma ndo wanachanganya watu. Mtafiti Tim Caro aliwafuatilia duma wa Serengeti kwa miaka mingi, akakuta dume mwenye eneo anashika padogo, kwa wastani kama kilomita za mraba 37, wakati jike anazunguka kwenye karibu 800 akifuata swala, na hilo zunguko lake halilindi wala hamfukuzi mtu. Kwa hiyo jike wa duma kwetu hana eneo kwenye ramani, ana njia. Tunamchorea mstari wa nukta. Dada mmoja alilalamika kwamba tunawaonea majike, lakini jike wa duma ndo karakta huru kuliko wote, anapita kwenye rangi za kila mtu na hakuna wa kumdai chochote.

Sehemu gani nzuri ya kuomba?

Kila mtu anaomba mlima au mwamba mkubwa kwa sababu picha inapendeza. Miamba ya Moru na Simba ni mizuri kweli, kivuli kipo, watoto wanafichika, unaona mbali. Lakini kama unacheza simba na unataka kundi lidumu, omba pale mito inapokutana. Simba wa Serengeti wanafuatiliwa tangu 1966, alipoanza George Schaller na baadae Craig Packer na wenzake wakaendelea kwa miongo kadhaa, na moja ya mambo waliyoyagundua ni kwamba majike wanaoshika makutano ya mito ndo wanaolea watoto wengi zaidi. Sababu inaeleweka: maji yapo hata kiangazi, miti na majani marefu ya kuvizia yapo, na mnyama akitaka kuvuka anabanwa sehemu moja anakuja mwenyewe mpaka ulipo. Ni maeneo machache na yanagombewa, na makundi makubwa ndo yanayoyapata. Ukiwa peke yako usiende kuomba makutano, utatolewa wiki ya kwanza.

Ndutu na nyanda za kusini ni tamu kuanzia Desemba mpaka Machi tu, nyumbu wanapokuwepo kule na kuzaa. Majivu ya volkano za zamani ndo yameipa nyasi fupi za kule madini mengi. Mvua ikikata, nyumbu wanaondoka na wewe unabaki na ngiri na sungura.

Nyumbu wakihama naruhusiwa kuwafuata na eneo langu likabaki langu?

Ukiwa simba, hapana. Simba wenye eneo wanabaki, wanakonda, wanakula ngiri, wanakula nyati kwa shida, wanasubiri. Ukiondoka umeliacha. Kuna wanaosema hii sheria ni ngumu, mimi naona ndo inayoleta hadithi bora za mwaka mzima maana njaa inamfanya mwandishi afikiri.

Ukiwa fisi wa Serengeti, ruksa, na hapa tunawafuata fisi wenyewe. Wao wanatoka kwenye eneo la kundi lao wanasafiri makumi ya kilomita kuzifuata nyumbu, wanakula, wanarudi kwenye shimo lenye watoto. Mama mwenye watoto anaweza kukaa huko siku kadhaa na watoto wanamsubiri shimoni bila kunyonya. Kwa hiyo memba wa fisi anaandika "safari", anapita maeneo ya wenzake kwa heshima, haweki alama huko, na eneo lake linabaki na rangi yake. Lakini akikaa huko zaidi ya wiki moja ya kweli bila kurudi hata mara moja tunaanza kulififisha.

Kwenye saa zetu wiki moja ya kweli ni mwezi mmoja wa mchezo. Kumbukeni hilo, majibu mengine yanalitegemea.

Fisi wa mwenzangu kaweka alama ndani ya eneo la simba wangu. Kanivamia?

Hajakuvamia. Eneo ni dhidi ya wanyama wa aina yako. Simba anamfukuza simba, fisi anamfukuza fisi. Rangi za ramani zinapandana na ndo maana tuna ramani moja kwa kila aina. Simba, fisi, chui, mbwa mwitu na mbweha wanaweza wote kuwa na bonde lilelile na kila mmoja akawa na mipaka yake ambayo mwingine haijui wala haimhusu. Mtagombana kwenye mzoga, sawa, tena gombaneni sana, lakini huwezi kumwambia memba wa fisi ahame.

Na kuna wanyama wanaolinda sehemu tu ya maisha yao. Kiboko dume analinda kipande cha maji, mchana ukimwingilia anakupasua, lakini usiku akitoka kwenda kula nyasi huko nchi kavu halindi kitu. Memba wa viboko msiombe kilomita kumi za nyasi, ombeni bwawa.

Jirani kaingia kwangu makusudi na kundi lake. Vita inaamuliwaje? Mnapiga dadu?

Hatupigi dadu, na hakuna anayeandika "nikamuua" juu ya karakta wa mwenzake. Tunahesabu.

Simba wanahesabu kweli. Karen McComb na wenzake mwaka 1994 walichapisha jaribio walilolifanya Serengeti: waliweka spika wakawachezea majike ngurumo za majike wageni, mara sauti ya mmoja, mara ya watatu kwa pamoja. Wakisikia mmoja, majike wenye eneo wanamfuata. Wakisikia watatu wanasita, wanaangaliana, na kama wao wenyewe ni wengi ndo wanakwenda, tena wakati mwingine wanaanza kunguruma kwanza kuwaita wenzao walioko mbali. Yaani vita nyingi zinaisha kabla ya mtu kuguswa, upande mmoja umeshajua hesabu haikai sawa unaondoka.

Kwa hiyo kwetu pande zote mbili zinahesabu karakta walioposti wiki hiyo. Sio walioandikishwa, walioposti. Upande mkubwa una haki ya kusonga, upande mdogo unachagua mwenyewe: kurudi nyuma na kuacha vipande viwili vya ramani, au kusimama na kukubali majeraha. Mkilingana mwenye eneo ndo anabaki. Mkishindwa kuelewana ndani ya siku tatu admini mmoja asiye na karakta upande wowote anaamua, na uamuzi huo hautaletwa tena kwenye chati.

Msiwalaumu wenzenu waliobaki nyuma kwenye vita. Mwaka 1995 Robert Heinsohn na Packer walionyesha kwamba kwenye kundi lilelile la simba kuna majike wanaotangulia kila siku na kuna wanaobaki nyuma kila siku, wale wa mbele wanajua, wanageuka kuwaangalia, na bado wanaendelea kuishi nao. Memba anayetaka karakta wake awe wa nyuma ana haki hiyo. Aandike vizuri tu kwa nini.

Naweza kulifuta kabisa kundi la jirani nichukue kila kitu?

Kwa sheria unaweza, kama wenyewe wanakubali kumaliza hadithi zao hivo. Lakini sikushauri, na nitakwambia kisa cha Gombe, huku kwetu Kigoma. Sokwe wa Kasakela na wale wa Kahama walikuwa jamii moja wakagawanyika, afu kuanzia 1974 mpaka 1978 madume wa Kasakela wakawa wanawavizia wa Kahama mmoja mmoja mpaka jamii ya Kahama ikaisha. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wasaidizi wake waliyaandika yote na yalimuumiza sana. Kasakela wakachukua eneo la Kahama. Kilichofuata ndo watu hawakisimulii: Kahama walikuwa katikati, walipokwisha Kasakela wakajikuta wanapakana na jamii ya Kalande kutoka kusini, wenye nguvu, wakaanza kusukumwa na wao wakapoteza sehemu ya walichokichukua.

Jirani dhaifu ni ukuta wako. Ukitaka hadithi ndefu mwache hai.

Madume wangu wawili wamechukua kundi la majike. Watoto waliokuwepo inakuwaje?

Hili ni zito na tunaliendesha kwa uangalifu. Kwa simba wa kweli madume wapya mara nyingi wanaua watoto wadogo wa madume waliotangulia, kwa sababu jike mwenye mtoto mchanga hapandwi, akimpoteza anarudi kwenye joto mapema, na dume mwenyewe hana muda mrefu wa kutawala. Hatufichi hilo wala hatulipambi. Lakini mtoto wa simba kwetu ana mtu nyuma yake, memba halisi, wengine bado ni wanafunzi, na mtoto hafi bila mwenye karakta kusema ndio mbele ya admini. Asipokubali kuna njia tatu za kuandika na zote simba wanazifanya: mama anawatorosha watoto na kuishi pembeni mpaka wakue, majike wanaungana kuwapinga madume, au watoto wakubwa wanaondoka kabla ya wakati. Ukikuta memba anaandika kifo cha mtoto kwa kufurahia damu, tuambie. Hiyo tunaifuta bila mjadala.

Mimba kwa simba ni siku 110 hivi, kwa hiyo kwenye saa zetu ni kama wiki tatu na nusu. Msizae kila wikiendi.

Dume wangu anaweza kutawala milele kama hakuna anayemshinda?

Madume wa kweli wengi wanashika kundi miaka miwili au mitatu. Kwetu hiyo ni wiki kama 24 mpaka 36. Baada ya hapo hatumfukuzi, ila kila akipingwa anahesabiwa pungufu ya mmoja. Mnamkumbuka Bob Junior, yule simba wa Serengeti aliyejulikana dunia nzima, alitawala na ndugu yake kwa miaka, muda mrefu kuliko kawaida, na Machi 2023 madume vijana wakamuua. Watalii na waongoza watalii walimlilia kama ndugu. Mimi naona mwisho mzuri wa karakta aliyetawala muda mrefu ni memba wake aandike mwenyewe siku ya mwisho, akiwa tayari, kuliko kung'ang'ania rangi kwenye ramani mpaka watu wachoke.

Ndugu ni muhimu. Dume peke yake hadumu. Tafuta memba mmoja au wawili mje kama ndugu tangu mwanzo.

Majike wakiwa wengi sana kwenye kundi moja inakuwaje?

Wanagawanyika. Mabinti wengi wanabaki kwa mama zao, kundi likijaa sehemu yao wanatoka pamoja na kuanza lao palepale jirani. Kwetu mkifika kumi na mbili mnaoposti mnaruhusiwa kugawanyika na kundi jipya linapewa vipande bila kupitia siku tatu za kupingwa, kwa sharti kwamba vinagusa eneo la mama. Hii ndo njia rahisi kuliko zote ya kupata eneo, na wapya wengi hawaijui: anza kama binti kwenye kundi la mtu mwingine.

Kwa nini Ngorongoro kila nikiomba mnasema pamejaa?

Kwa sababu ni bakuli. Chini ya kreta ni kama kilomita za mraba 260 na kuta zake zinapanda kama mita 600, simba wachache sana kutoka nje wanaoingia wakafanikiwa. Fisi wa kule wanafuatiliwa na watafiti tangu 1996, wako makundi nane yaliyobanana, mipaka yao inalindwa kila siku. Kwa hiyo nafasi ni hizohizo. Ukitaka fisi wa kreta ingia kama dume mgeni kwenye kundi lililopo, utaanza chini kabisa maana kwa fisi majike ndo wenye kauli na cheo mtoto anakipata kwa mama yake. Wavumilivu wanapenda sana huo mchezo.

Bando limeisha, au nina mitihani, au ni Ramadhani sitakuwa onlaini usiku. Napoteza eneo?

Sema tu. Mstari mmoja kwa admini, hata kupitia mwenzako, na eneo lako linagandishwa mpaka mwezi mmoja, hakuna wa kuligusa. Usiposema, wiki mbili bila posti rangi inaanza kufifia kutoka pembeni kwenda katikati, kipande kimoja kila siku mbili, na jirani yeyote anaweza kuweka alama palipofifia. Tumeona watu wanasoma hii kama adhabu. Sio adhabu, harufu ya mnyama ambaye hapiti tena inaisha, mvua inaiosha.

Walioko Muscat mko saa moja mbele ya Dar na Nairobi, na walioko Marekani ndo usiku na mchana vimegeuka kabisa, kwa hiyo siku tatu za kupingwa zinahesabiwa kwa saa za Afrika Mashariki lakini hakuna vita inayoamuliwa ndani ya saa 24 za kwanza. Mpe mwenzako muda wa kuamka.

Naweza kuwa na karakta wawili kwenye maeneo mawili?

Wawili ndio, ila wasiwe wa aina moja na wasipakane. Akaunti mbili kwa mtu mmoja hapana kabisa, maana vita vyetu ni kuhesabu.

Nimetoka kucheza WolfQuest, sheria zinafanana?

Kwa wazo ndio. Lile gemu la kompyuta la mbwa mwitu wa Marekani limekuwepo tangu 2007, lilianzia kwa bustani ya wanyama ya Minnesota na wenzao, na toleo jipya ramani imegawanywa vipande vya pembe sita, mbwa mwitu wako anaweka harufu, harufu inapungua nguvu, makundi ya jirani yanaingia. Ukishazoea kule utaelewa haraka. Tofauti ni kwamba kule kompyuta ndo inakuhesabia, hapa ni watu, na mtu unaweza kuongea nae. Mbwa mwitu wa Yellowstone usije nao lakini, huku tuna mbwa mwitu wetu wa Afrika na wanahitaji eneo kubwa kweli, ombeni mkiwa sita au zaidi.

Naweza kuigiza mfugaji, askari wa wanyamapori au mwindaji?

Hapana. Sisi ni wanyama tu. Maisha ya watu wa Ngorongoro na Loliondo na vijiji vya pembeni ni mambo ya kweli ya watu wa kweli, wengine ni ndugu zetu humuhumu, hatuyafanyi mchezo. Karakta wako anaweza kusikia gari mbali, kuona moshi, kunusa ng'ombe, basi.

Upande wa Mara nao upo chini ya sheria hizi?

Upo. Memba wengi wa Kenya wameshika huko na mto Mara wenyewe hauna mwenyewe kuanzia Julai mpaka Oktoba, ni uwanja wa wote kwa ajili ya kuvuka. Mamba tu ndo wana mabwawa yao.

Kuna memba ananifuata inboksi baada ya vita, ananitukana. Au anataka namba yangu.

Piga skrinshoti, usimjibu, mtumie admini yeyote. Ugomvi wa karakta unabaki kwa karakta. Namba ya simu, shule, mtaa unaokaa, usimpe mtu humu hata kama mmekuwa ndugu kwenye kundi moja mwaka mzima, na wazazi mnaosoma hii kwa ajili ya watoto wenu, tuulizeni chochote tutawajibu. Tumeshatoa watu wazuri wa kuandika kwa sababu ya hili na tutaendelea kuwatoa.

Eneo linalipiwa?

Halilipiwi, halijawahi kulipiwa, wala haliuzwi kati ya memba na memba. Akitokea mtu anakuomba hela kwa simu ili akuachie makutano ya mto, au anajiita admini ambaye jina lake halipo kwenye orodha iliyopiniwa juu, tuma ushahidi siku hiyohiyo na eneo lake linafutwa rangi usiku huohuo.